Mwenye Nyumba wa Mlango wa Nyuma

Aliyelianzisha neno lile ni mshonaji wa kona, na mshonaji huyo akikuletea habari huwa ameshaikata, ameishona na kuipiga pasi, kazi yako ni kuivaa tu. Mke wa seremala alikuwa amempelekea suruali ya mumewe iliyochanika gotini. Mtoto alikuwa mgongoni, analialia kwa sababu ya jino lililokuwa linachomoza, na mama mtu hakuwa amelala vizuri tangu jino hilo lianze vituko vyake. Akavutiwa kigoda. Alipoketi tu, akaambiwa kwamba Mama Kengele ameuza nyumba.

"Kauza kimya kimya," mshonaji alisema, pini kazibana midomoni. "Na kuuza si neno, kila mtu na chake. Kinachoniuma, amebaki humo humo kuwa mtumishi wa walionunua. Anawafulia, anawapikia. Mtu wa umri ule."

Mke wa seremala akajibu kwamba wale ni wageni wa mapumziko kama wageni wengine wote waliowahi kupanga pale. Watakaa siku zao, wataondoka. Mshonaji akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, dalili kwamba sasa anataka kusema kwa nafasi. Akasema mgeni wa kike alikuja mwenyewe na vipimo vya madirisha, akachagua kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Madirisha yote, mpaka la jikoni. Katika kushona kwake kote hajaona mtu aliyekuja kupunga upepo kijijini akaagiza mapazia.

"Tena kaniambia kwa kinywa chake, nyumba tunaichukua, na yule dada wa usafi tunabaki naye. Dada! Mama Kengele huyo, shoga yangu, aliyetupigia kengele mimi na wewe."

Mke wa seremala hakungoja suruali. Alikaza mbeleko, akaaga, akashika njia.

Jina la Mama Kengele lilitoka shuleni. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya pale kijijini, na kwa kuwa jiko lilipakana na ofisi ya walimu, akapewa pia kazi ya kugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kuwa kengele. Watoto waliamini kwamba vipindi ni mali yake, akitaka anavirefusha, akitaka anavifupisha. Mke wa seremala naye alipanga foleni mbele ya sufuria lake, mtoto mwembamba asiyejua kusukumana, na mara nyingi zamu yake ilifika wakati upawa unakwangua chini. Siku hizo Mama Kengele alimwona. Alimwambia tu abaki amsaidie kuosha vyombo, na kati ya vyombo vya kuosha kulikuwa daima na sahani moja iliyofunikwa.

Nyumba yenyewe ilianza na mlango. Mumewe alikuwa tarishi, mtu wa kuzunguka na bahasha tangu asubuhi mpaka jioni, na ofisi yao ya zamani ilipobomolewa yeye aliomba mlango wa mbele, akapewa. Ulikuwa wa mbao nene, una bawaba nzito, watu wawili waliubeba wakipumzika njiani. Hawakuwa na ukuta wa kuutia. Waliuegemeza kwenye chumba kimoja walichokuwa wamepanga, ukala nafasi ya kabati, wakawa wanapita ubavu ubavu kwenda kitandani. Waliowatembelea walicheka. Tarishi akasema wenzake wana nyumba wanatafuta mlango, yeye ana mlango anatafuta nyumba, na akaitafuta kweli. Walijenga polepole, likizo kwa likizo, Mama Kengele akitoka kwenye moshi wa shule anaingia kwenye vumbi la saruji. Siku mlango uliposimama mahali pake, mume alitoka nje, akaufunga, akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe ili asikie mkewe ataitika vipi kutoka ndani.

Akawa anapiga hodi hivyo kila jioni, funguo ziko mfukoni, na mkewe anaitika. Kisha akafariki. Alimwachia mkewe nyumba, kiti cha mbao kinacholia kikikaliwa, na picha kubwa aliyopigwa akiwa na sare ya utarishi, kofia mkononi.

Wazo la kupangisha lilikuwa la binti yao anayefanya kazi mjini. Binti hakuwa mtu mbaya. Bati lilikuwa linavuja, tangi la maji limetoboka, na mama hataki kusikia habari za kuhamia mjini. Basi binti akaleta mafundi, akapaka kuta rangi nyeupe, akapiga picha kwa simu, akazitia mtandaoni: nyumba ya mapumziko, kijijini, utulivu mtupu. Wageni wakaanza kuja, bati likabadilishwa, tangi likasimama jipya.

Na binti akamfundisha mama taratibu. Watu hawapendi kukuta sura wasizozijua ukutani, wala dawa za mtu kabatini, wala mwenye nyumba anayewapumulia shingoni. Kwa hiyo wageni wakiwepo mama alale stoo ya nyuma, na akiulizwa aseme yeye ni wa usafi tu, mwenye nyumba yuko mjini. Mtu hujisikia huru akijua mwenye mali hayuko karibu. Mara ya kwanza Mama Kengele aliona ni mchezo. Alimhadithia mke wa seremala jinsi alivyofungua mlango wake mwenyewe na kusema bosi hayupo, na jinsi mgeni alivyomuuliza kwa kunong'ona kama bosi huyo ni mkali, wakacheka wote wawili mpaka wakashika mbavu.

Mchezo ukazoeleka, ukaacha kuchekesha. Kabla ya kila kundi la wageni mke wa seremala alikwenda kumsaidia kuhama. Walibeba nguo, dawa za presha, redio, miwani, kandambili za bafuni, mto mmoja ambao Mama Kengele alisema shingo yake haijui mwingine. Vyote viliingia stoo, kati ya makopo ya rangi na ngazi. Picha ya tarishi peke yake haikuweza kukaa mle, unyevu ungeiharibu, kwa hiyo ilifungwa kwenye shuka kuukuu ikapelekwa kwa seremala, ikasimamishwa juu ya kabati lake la vifaa. Seremala alizoea kusema mzee kaja kumsimamia apige randa sawasawa. Mtoto alijifunza kuinyooshea kidole kabla hajajua kumnyooshea baba yake.

Wageni wakiondoka, vitu vilirudi. Ila kila safari vilirudi pungufu. Mto ulirudi, redio ilibaki stoo, maana si itatolewa tena keshokutwa? Halafu nguo nazo zikabaki. Ilifika mahali Mama Kengele akawa anaingia nyumbani kwake na mto tu na dawa, kama mtu aliyelazwa hospitali.

Alipoulizwa na bintiye kama stoo inamfaa, alijibu hamna shida. Alijibu hivyo kila mara. Akiulizwa sana alisema hamna shida, mwanangu, na hilo "mwanangu" la mwisho ndilo lililomfanya binti akate simu akiwa ameridhika.

Sasa mke wa seremala alipita njia ya uani, kama walivyoelekezwa majirani wote kufanya wageni wakiwepo, akamkuta Mama Kengele ameinamia beseni, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni. Kiti cha tarishi kilikuwa kimeegemezwa nje, chini ya upenu. Mke wa seremala alikiona, akajua kwamba maneno ya mshonaji hayakuwa ya kutiwa chumvi yote. Akaamkia, akavua kandambili, akashika ncha ya pili ya shuka lililokuwa linasubiri kukamuliwa.

"Mchumba wangu ana nini leo?" Mama Kengele aliuliza, akimchungulia mtoto.

"Jino, Mama. Limekuja na madeko yake."

"Mwache adeke. Akikua hakuna wa kumdekeza."

Walilisokota shuka, mmoja kulia mmoja kushoto, maji yakachuruzika. Mke wa seremala hakuwa mtu wa kuuliza moja kwa moja. Alizungukazunguka, akataja suruali, akataja mshonaji, akataja kitambaa kizito. Mama Kengele alimsikiliza akiendelea kusokota mpaka shuka likawa gumu kama kamba.

"Sijauza," alisema mwishowe. "Nyumba imekodiwa mwaka mzima. Na mimi nimekodiwa nayo."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayehesabu vyombo vya kuosha. Wale wageni ni mume na mke. Mke alitoka kuugua maradhi marefu, akaambiwa atafute mahali pa kupumzika, wakaja kwa siku chache. Akapata usingizi. Wakaongeza siku, usingizi ukaongezeka, hata chakula kikaanza kupita kooni. Wakampigia simu binti, wanayedhani ndiye mwenye nyumba, wakamwomba wakae mwaka. Binti akampigia mama, akamuuliza, mama unasemaje? Akasema hamna shida. Jumamosi binti anakuja na mkataba, watie sahihi. Ameahidi stoo itatobolewa dirisha.

"Wangekuwa wabaya ningejua la kufanya," Mama Kengele alisema. "Lakini yule dada wa watu hana ubaya. Jana kanipaka dawa ya mgongo kwa mkono wake. Sasa mtu kama huyo utamfukuzaje?"

Mlango wa jikoni ukafunguka, mgeni wa kike akatoka, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani, anatembea kama mtu anayejaribu ardhi kwanza. Umri wake ulikuwa karibu na wa binti wa Mama Kengele. Akawasalimu wote kwa upole, akamshika mtoto kidole cha mguu, akauliza kama bado analia usiku. Mke wa seremala alitaka ardhi ipasuke, kumbe kilio kinafika mpaka huku. Mgeni akasema la, la, hajalalamika, watoto ndivyo walivyo. Kisha akamgeukia Mama Kengele.

"Dada, ulimuuliza bosi wako habari ya kiti hiki?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Amekataa. Anasema kibaki."

"Kibaki cha nini? Kinalia kama paka. Yeye mwenyewe hayupo hata kukikalia."

"Ndivyo alivyosema."

Mgeni akacheka, akatikisa kichwa. "Huyo bosi wako ni king'ang'anizi."

"Sana," Mama Kengele alisema. "Hata mimi amenichosha."

Wakacheka wote, na mke wa seremala akacheka kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye mikono ya Mama Kengele, ambayo ilikuwa imelishika shuka lisilo na maji tena na bado inalikamua. Mgeni akamweleza mke wa seremala kwamba sasa watakuwa majirani hasa. Alivyotamka neno hilo, majirani, mtu angeona ni miezi mingi hajalitamka. Akamwomba kitu kimoja tu: akija kumtazama dada, aendelee kupita huku uani, mchana huwa anajinyoosha kidogo sebuleni na hodi ya mlango wa mbele humshtua moyo. Akarudi ndani, akaurudisha mlango polepole usipige kelele.

Walitundika shuka. Mama Kengele alilinyoosha kwa viganja, akaliendea kila pembe, akalinyoosha tena. Mke wa seremala alimtazama akakumbuka mgongo ule ule ukiwa umeinama kwenye masufuria, na jinsi kengele ilipolia jioni ulivyokuwa unanyooka, kwa sababu ilikuwa saa ya kwenda nyumbani. Akamuuliza kwa nini asimwambie binti ukweli. Binti ni damu yake, ataelewa.

Mama Kengele akaketi kwenye kiti cha mumewe. Kikalia.

Akasema binti angeelewa, ndiyo, lakini binti angemuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo, na hilo hana jibu lake. Na hata binti akielewa, atampigia yule mgonjwa simu amwambie mwenye nyumba kabadili mawazo, na mgonjwa atakuja hapa uani kumlilia yeye, dada, amwombee kwa bosi. Atamjibu nini? Ataenda kujiombea kwa nani?

"Kwa hiyo jana nikapiga moyo konde," alisema. "Nikasema namwambia mwenyewe, uso kwa uso. Nikajifuta mikono, nikaingia mpaka sebuleni, nikasimama pale kati. Maneno nilikuwa nayo yote, nimeyapanga. Akainua kichwa kwenye kochi, akaniuliza, dada, umesahau ufagio?"

"Ukamjibuje?" mke wa seremala aliuliza.

"Nikasema ndiyo. Nikachukua ufagio, nikatoka."

Mtoto alikuwa amelala hatimaye, shavu limebandikwa kwenye mgongo wa mama yake. Ndani mgeni wa kiume alisikika akimuuliza mkewe kama anywe chai sasa au baadaye, sauti ya chini, sauti ya mtu aliyemlea mgonjwa mpaka akasahau kuzungumza kwa nguvu. Mama Kengele aliisikiliza. Akasema chumba cha watoto kipo, kile kidogo cha upande wa bustani, hakina anayelala humo. Kama wangetaka kubaki wakikaa humo, yeye akawa chumbani kwake, asingekuwa na neno. Angempikia yule dada mpaka mashavu yarudi. Ila wakae wakijua wako kwa nani. Hilo tu. Halafu akajicheka mwenyewe, akasema anaongea kama mtu anayegawa vyumba vya nyumba yake.

"Si ni yako, Mama."

"Mdomoni kwangu imekuwa nzito. Nimesema bosi, bosi, mpaka nimemwamini. Juzi usiku niliota nimechelewa kazini, bosi ananigombeza. Unajua alikuwa nani? Mimi. Nimevaa miwani yangu."

Mke wa seremala alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akaacha. Yeye mwenyewe ni mtu wa kusimama nyuma ya mlango akisubiri aonekane. Mumewe humtania kwamba hodi yake haimwamshi hata kuku. Akainama akachukua beseni, akamwaga maji machafu kwenye mfereji, akalisuuza, akaliegemeza ukutani. Ilikuwa saa ya kurudi kupika. Akasema atapita Ijumaa kumsaidia mashuka mengine.

"Ijumaa usije," Mama Kengele alisema.

Alikuwa bado kwenye kiti, amekaa sasa kwa kuegemea kabisa, mikono juu ya mikono ya kiti, kama mtu aliyefika kutoka mbali. Akamwita kwa kidole asogee, maana mlango wa jikoni haukuwa mbali. Mke wa seremala akachuchumaa karibu naye, mkono mmoja nyuma ukimshikilia mtoto.

"Njoo Jumamosi asubuhi. Ukiona gari la binti yangu limesimama, ngoja waingie, wakae sebuleni na karatasi zao. Mimi nitakuwa jikoni natengeneza chai. Wewe mbebe mchumba wangu mgongoni, na uniletee mzee wangu kutoka kwenu. Mtoe kwenye shuka, umpanguse vumbi la mbao, aonekane uso. Halafu usipite huku uani, mwanangu. Pita mbele."

"Mbele, Mama? Yule mgonjwa si atashtuka?"

"Atashtuka kidogo. Nitampa chai." Akamshika mkono, kiganja chake bado kina ubaridi wa maji. "Mlango ule ni mzito, usiugonge kwa kidole kimoja kama ulivyozoea. Ugonge kwa ngumi, useme hodi mpaka nikusikie kule jikoni. Wakikufungulia, usiseme umemjia dada. Sema umemjia mwenye nyumba, umemletea mumewe."

"Na wakiniuliza mwenye nyumba yupi?"

"Usiwajibu. Rudia hodi tu," Mama Kengele alisema. "Nitaitika."